Mabomba chini ya hita ya maji hayatakiwi kubeba mzigo: Kagua haya kabla fundi hajaondoka

Kemondo. Asubuhi za huku kando ya Ziwa Victoria zina ubaridi wake. Uso wa ziwa wenyewe uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na eneo la Bukoba ni miongoni mwa yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Kuoga maji ya baridi saa kumi na moja alfajiri ili uwahi gari la Bukoba mjini au Muleba kunahitaji moyo.

Ndiyo maana hita ya maji, ambayo wengine tunaiita boila, imeacha kuwa kitu cha hotelini pekee. Utaikuta nyumba za wageni, nyumba za kupanga, na zile nyumba ambazo watoto waliopo Dar es Salaam au nje ya nchi wanawajengea wazazi wao kijijini.

Anayenunua hita huwa anauliza mambo mawili: ina lita ngapi, na inakula umeme kiasi gani. Swali la tatu halipati nafasi kabisa, na ndilo linaloamua kama bafu lako litabaki kavu: yale mabomba yanayotoka chini ya hita yameshikwa na nini?

Kama jibu ni “yameshikwa na hita yenyewe”, una tatizo linalosubiri siku yake.

Kwa nini huku linatokea sana

Nyumba inayojengwa kwa mpango wa hita tangu mwanzo, fundi bomba anafukia mabomba ukutani kabla ya plasta. Yanatokea nje mahali pawili tu, moja la maji baridi na moja la maji moto, kisha vinaungwa vipande vifupi hadi kwenye hita. Hapo hakuna kikubwa cha kuning'inia.

Lakini nyumba nyingi hita inakuja baadaye. Nyumba imeisha, imepakwa rangi, watu wanaishi, halafu mtoto anatuma hela: wekeni hita, mama asiteseke na baridi. Hakuna anayetaka kubomoa vigae. Kwa hiyo mabomba yanapita juu ya ukuta, yanaonekana, na fundi anayefanya haraka anayafunga kwa alichonacho mfukoni. Waya wa kufungia nondo. Msumari uliopindwa. Wakati mwingine hakuna kitu, bomba linatoka kwenye hita, linashuka mita nzima hewani hadi kwenye koki ya bafu, na kila mtu anaona sawa kwa sababu siku ya kwanza halivuji.

Sijawahi kuelewa kwa nini mtu anunue hita ya laki kadhaa kisha agombanie bei ya klipu.

Bomba ni jepesi, tatizo ni wenzo

Wengi hudhani bomba linahitaji kushikwa kwa sababu ni zito. Kwa bomba za plastiki za PPR, zile ngumu zinazounganishwa kwa kuyeyushwa na mashine ya moto, uzito ni mdogo sana. Mita moja ya bomba la milimita 20, likiwa limejaa maji, haifiki hata nusu kilo. Bomba la chuma la nusu inchi ni zito zaidi, kilo moja na ushee kwa mita kabla ya kuingiza maji, lakini hata hilo siyo la kutisha.

Kinachovunja kiungo ni wenzo, ule wa kwenye fizikia ya sekondari. Bomba linalotoka kwenye hita bila kushikwa ni mkono mrefu, na mwisho wa mkono huo kuna meno machache ya nati yaliyoingia kwenye tundu la hita kwa kina cha sentimita moja na nusu hivi.

Sasa mtu anatundika ndoo ndogo ya maji, kilo tano, kwenye bomba lililojitokeza sentimita 60 kutoka ukingo wa hita. Ukigawa 60 kwa 1.5 unapata 40. Kile kiungo kidogo kinahisi nguvu mara 40 ya ule mzigo, yaani kama kilo 200. Na siyo lazima iwe ndoo. Taulo lililolowa, mtoto anayejishikia asiteleze, mtu anayefungua koki ngumu kwa nguvu, vyote vinafanya kazi ile ile, kidogo kidogo, kila siku.

Ukiona kutu ya rangi ya chai inachora mstari chini ya hita, pale bomba linapoingia, usikimbilie kufikiri hita ni feki. Mara nyingi ni kiungo kimechoka kupindwa, maji yanapenya tone kwa tone. Fundi atakuja, atafungua, ataongeza tepu nyeupe, atafunga. Wiki tatu baadaye mstari umerudi, kwa sababu tepu haikuwa tatizo.

Kwanza hita yenyewe ishikwe na ukuta

Hakuna klipu itakayosaidia kama hita yenyewe inacheza. Lita moja ya maji ni kilo moja, hilo halina mjadala. Hita ya lita 50 ina kilo 50 za maji, ongeza chombo chenyewe, unakaribia kilo 70. Ni kama kutundika ukutani mfuko mzima wa saruji na mkungu wa ndizi juu yake, kisha kuuacha hapo miaka 10.

Ukuta wa tofali za kuchoma zilizojengwa vizuri, au bloku zilizojaa, unaweza kubeba kwa boliti za kupanuka. Fisha ndogo za plastiki, zile za kutundikia picha ya harusi, siyo za kazi hii. Ukuta wa tofali za matope uliopigwa plasta juu unadanganya zaidi, maana kwa nje unafanana na ule imara. Hapo njia ya uhakika ni boliti ndefu inayotoboa ukuta mzima na kufungwa upande wa pili kwenye kipande cha bati nene au sahani ya chuma, ili mzigo usambae. Ukuta wa jipsamu au mbao nyembamba usiguse kabisa. Jenga stendi ya chuma inayosimama sakafuni.

Hita ikilegea hata nusu sentimita, inayahamishia mabomba mzigo wake. Ndipo unapata kile kichekesho cha hita ya kilo 70 inayoshikiliwa na bomba la plastiki.

(Zile hita ndogo za papo kwa papo za kichwa cha bafu haziingii kwenye hesabu hii. Hazina tanki, hazina uzito. Zina hatari zake za umeme, ila hiyo ni habari nyingine.)

Klipu ngapi, na wapi

Kanuni ya ufundi bomba inategemea bomba limetengenezwa na nini na maji yana joto gani. Wenzetu wa Uingereza, ambako boila ya ukutani inapasha nyumba nzima na chini yake hutoka mabomba matano au sita kwa pamoja, likiwemo la gesi, wanatumia sana shaba. Bomba la shaba la milimita 15 likilala wanalishika kila mita 1.2 hivi, na likisimama wima kila mita 1.8. Shaba ni ngumu, inajibeba.

Sisi huku tunatumia PPR, na plastiki ikipata moto inalegea. Bomba lile lile la milimita 20 ambalo kwenye maji baridi linanyooka vizuri, likipitisha maji ya nyuzi 60 linaanza kubonyea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Kwa hiyo la maji moto likilala liwekewe klipu kila sentimita 50 hadi 60. La maji baridi unaweza kuachia zaidi kidogo, na yanayosimama wima pia.

Hiyo ni kwa urefu wa bomba. Pale chini ya hita ndipo penye kazi zaidi. Kila bomba lipate klipu yake kabla ya kona ya kwanza, karibu na hita kadiri nafasi inavyoruhusu, na klipu iingie ukutani, siyo kwenye bomba la jirani. Nimeona bomba la moto likifungwa kwenye la baridi kwa waya, kama vile yatasaidiana. Hayasaidiani. Likicheza moja, yanacheza yote mawili.

Koki na valvu nazo zina haki ya klipu zao. Ni vipande vya shaba nyeupe au njano, vizito kuliko bomba, na ndivyo vinavyozungushwa kwa mkono. Weka klipu kila upande wa koki, ili ukiizungusha nguvu iishie ukutani.

Na tafadhali, waya wa nondo hapana. Unapata kutu kwenye unyevu wa bafu, na kila bomba linapopata moto na kutanuka waya unazidi kuingia kwenye plastiki.

Jambo moja zaidi la kuangalia ni aina ya bomba. PVC ya maji baridi na lile bomba jeusi linalozungushwa kama tairi havikutengenezwa kwa maji ya hita. Hata ukiweka klipu kila baada ya kiganja, bomba litalegea tu. PPR ya maji moto mara nyingi huwa na mstari mwekundu ubavuni, na maandishi yanayotaja joto na presha yake. Yasome mwenyewe.

Lishike, lakini usilinyonge

Hapa ndipo hata fundi mzuri anaweza kukosea. Akisikia “shika bomba”, analibana kila klipu mpaka mwisho, bomba halisogei popote. Kwa maji baridi sawa. Kwa maji moto umetengeneza ugomvi.

Plastiki ya PPR ya kawaida hurefuka milimita 0.15 kwa kila mita, kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Chukua bomba la mita tatu kutoka kwenye hita hadi jikoni. Asubuhi liko nyuzi 20, maji yanapita ya nyuzi 60. Tofauti ni 40. Zidisha: 0.15 mara 3 mara 40 ni milimita 18. Bomba lako limerefuka karibu sentimita mbili ndani ya dakika chache, na likipoa linarudi. Kila siku. Bomba la chuma kwa mazingira yale yale linarefuka milimita moja na nusu hivi.

Hizo milimita 18 lazima ziende mahali. Zikikosa nafasi, zitasukuma kile kiungo cha hita, au bomba litajipinda kati ya klipu mbili kama nyoka.

Suluhisho halina gharama. Klipu moja ibane kweli, iwe ndiyo nanga. Zilizobaki ziwe za kuteleza, yaani zimelizunguka bomba lakini linaweza kupita ndani yake. Na bomba likifika kona, klipu ya kwanza baada ya kona isiwe imegandana nayo, iachiwe nafasi ili ule mkono upinde kidogo. Linapopenya ukutani, tundu liwe pana kuliko bomba, usilizibe kwa saruji moja kwa moja. Ule mlio wa “tak, tak” usiku baada ya mtu kuoga mara nyingi ni bomba lililonyimwa nafasi likijivuta.

Kuna PPR zenye tabaka la alumini ndani ambazo hurefuka kidogo sana ukilinganisha na za kawaida. Ni ghali zaidi, lakini kama bomba la moto linasafiri mbali kwenye ukuta ulio wazi, zina maana.

Kagera ina sababu yake ya ziada

Jumamosi ya Septemba 10, 2016, saa 9:27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa huu. Zaidi ya watu 15 walifariki, mamia wakajeruhiwa, maelfu ya nyumba zikabomoka au kupata nyufa. Shule za sekondari Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Kwa aliyekuwepo, hiyo siyo historia ya kwenye vitabu.

Ardhi ikitikisika, ukuta unakwenda kivyake na chombo kizito kilichotundikwa juu yake kinajaribu kubaki nyuma. Vikiwa vimeunganishwa kwa bomba gumu, tofauti hiyo inaishia kwenye kiungo. Kinakatika, maji yanamwagika, na kama umeme bado unawaka hapo umepata mchanganyiko mbaya.

Jimbo la California, Marekani, ambako matetemeko ni jambo la kawaida, sheria inataka hita za maji za majumbani zifungwe imara kwenye jengo zisianguke. Sisi hatuhitaji kusubiri sheria. Vitu viwili vinatosha kuanzia. Matundu yote ya kufungia hita yapate boliti, siyo mawili kati ya manne. Na kati ya hita na mabomba ya ukutani pawe na kipande cha hozi inayopinda, ile yenye nyavu ya chuma ambayo mafundi wanaita fleksibo, inayoruhusiwa kwa maji moto.

Fleksibo inatatua pia sehemu ya tatizo la kurefuka. Lakini angalia inaishia wapi. Ikiwa upande wa pili inaingia kwenye bomba linaloning'inia, hujafanya kitu. Iishie kwenye elbo ya ukutani yenye masikio, ile inayofungwa kwa skurubu mbili. Na hozi isivutwe ikanyooka kama uzi wa gitaa wala kukunjwa ghafla. Iachie mkunjo mpole.

Ile valvu inayodondosha maji

Kwenye bomba la maji baridi, chini kabisa ya hita yenye tanki, kuna valvu ndogo ya usalama. Inadondosha maji wakati hita inapasha, watu wanaudhika, wanaiziba. Wengine wanaweka kijiti, wengine kizibo chenye meno.

Usiizibe.

Maji yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 yanaongezeka ujazo kwa asilimia 1.5 hivi. Kwenye hita ya lita 50 hiyo ni karibu robo tatu ya lita inayohitaji pa kwenda. Kwa kuwa valvu nyingi za aina hii haziruhusu maji yarudi nyuma kwenye bomba, yanatoka hapo. Ni kazi yake. Ukiziba, presha inapanda ndani ya tanki. Na siku kidhibiti joto kitakapoharibika, maji yakapita kiwango cha kuchemka huku yamefungiwa, tanki likipasuka yanageuka mvuke unaohitaji nafasi karibu mara 1,600 ya maji. Hilo ni bomu bafuni.

Valvu hiyo iwekewe bomba lake la kumwagia, linaloshuka moja kwa moja bila kupanda popote, mwisho wake uko wazi karibu na sakafu au tundu la maji machafu, mbali na miguu ya anayeoga. Nalo lipate klipu, maana likiachwa linaning'inia linaipinda valvu ambayo ndiyo ulinzi wako wa mwisho. Kama inatiririka hata hita ikiwa imezimwa na imepoa, basi imechafuka, imechoka, au presha ya maji yanayoingia ni kubwa mno.

Presha ni suala la wenye pampu zaidi. Simtanki lililoinuliwa mita tano juu ya hita linatoa nusu baa tu, siyo baa ya bia, baa ya presha. Hiyo ni ndogo. Pampu inayosukuma moja kwa moja ndani ya nyumba ni kitu kingine: koki ikifungwa ghafla, maji yanagonga ndani ya bomba, na bomba lisiloshikwa linaruka. Ukisikia kishindo ukifunga koki, anza kuhesabu klipu.

Kabla hujamlipa fundi

Zima swichi ya hita na sakiti breka yake kwanza. Upande wa umeme mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, usimwachie fundi bomba amalizie na waya. Kisha shika kila bomba chini ya hita kwa vidole viwili, litikise kidogo kushoto na kulia. Kiungo cha kwenye hita hakitakiwi kusogea hata chembe. Shika hita yenyewe, ijaribu kuinyanyua kidogo. Nayo itulie.

Halafu chukua penseli. Bomba la maji moto likiwa limepoa, chora alama ndogo juu yake na nyingine kwenye klipu iliyo mbali zaidi na ile ya nanga, zikiwa zimelingana. Washa hita, subiri maji yapate moto, fungulia dakika tano, angalia tena. Alama zikiwa zimeachana kidogo na hakuna tone kwenye viungo, bomba linateleza linavyotakiwa. Zikiwa hazijasogea hata kidogo kwenye bomba refu la plastiki, mwambie fundi alegeze klipu hiyo kabla hajafunga mfuko wa vifaa. Rudia baada ya wiki moja, safari hii ukiwa na kitambaa kikavu cha kupangusa chini ya kila kiungo.